Kata Mkia, Acha Jina: Somo la Kufupisha Linki kwa Mkono



Somo letu safari hii limetokana na kosa, na sehemu ya kosa hilo ni yangu mimi mwenyewe. Kwa hiyo mnivumilie nianze na kisa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mvua ilikuwa imekosekana kwa msimu wa tano mfululizo. Sina haja ya kuwaeleza hali ya Habaswein ilivyokuwa. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa kando ya barabara, na foleni ya mitungi ilianza kabla ya alfajiri kungojea lori la maji. Ofisi moja ikatangaza msaada wa matangi kwa vikundi vya kujisaidia. Maombi hayakuwa ya karatasi. Yalijazwa kwa simu, katika fomu ya intaneti.

Katibu wa kikundi kimoja cha akina mama, binti aliyemaliza Kidato cha Nne, alijaza fomu ile vizuri sana, hata idadi ya mbuzi waliokufa aliiweka. Alipotuma, simu ikamwonyesha maandishi kwamba akitaka anaweza kubadilisha jibu lake. Akabonyeza aangalie. Akaona kila kitu kiko sawa. Kisha kwa moyo mzuri kabisa akanakili linki iliyokuwa juu ya skrini, akaituma kwa makatibu wenzake: "Jazeni na nyinyi, siku ya mwisho ni Ijumaa."

Vikundi vinne vikafungua linki ile. Kila kimoja kikakuta fomu imeshajaa. Wakadhani ni mfano wa kuwaonyesha namna ya kujaza. Wakafuta, wakaandika habari zao, wakatuma. Kumbe linki ile haikuwa ya fomu tupu, ilikuwa ya jibu la yule binti. Kila aliyetuma alimfuta aliyemtangulia. Ofisini likaonekana ombi moja tu, la kikundi kilichojaza mwisho.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Kuna mama alisema waziwazi kwamba binti ameuza nafasi yao. Ilibidi twende Wajir mjini na daftari za vikundi tukaeleze upya, na mwishowe kikundi cha yule binti kilipata tangi kwa kuchelewa. Vikundi viwili havikupata kabisa. Binti hakuiba kitu. Aligawa linki na mkia wake wote, na mkia huo ndio uliokuwa na ufunguo wa jibu lake. Mimi ndiye niliyewafundisha makatibu kunakili na kubandika. Nilifundisha nusu ya somo. Leo nalipa deni la nusu iliyobaki.

Linki imeundwa namna gani

Linki ni anwani. Inaiambia simu yako iende nyumba gani, iingie chumba gani, na mara nyingine imchukulie mwenye nyumba maneno fulani. Hebu tuangalie hii hapa, ambayo ni ya ukurasa wa Kiswahili unaoeleza habari za ngamia katika kamusi elezo ya Wikipedia. Nimeiwekea mkia kama ule tunaoupokea kila siku:

https://sw.wikipedia.org/wiki/Ngamia?utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi&utm_campaign=mifugo&fbclid=IwAR3xQ9mTz7LkVb2

Hesabuni, ni herufi na alama 120. Sasa tazameni hii:

sw.wikipedia.org/wiki/Ngamia

Hii ina 28 tu, na inafungua ukurasa uleule, picha zilezile, ngamia yuleyule. Sikutumia programu yoyote. Nimekata kwa kidole.

Kwa nini tujisumbue? Kwanza kwa sababu ya wale wenye kabambe. Ujumbe mfupi wa simu unachukua herufi 160. Ukizidi hapo unagawanywa vipande, na kila kipande kinalipiwa. Linki ndefu pamoja na maelezo yako ya mkutano itakula vipande viwili au vitatu, na mama mwenye mulika mwizi hataifungua kwenye simu yake. Atampa mwanawe mwenye simu kubwa, au ataiandika kwenye karatasi aende nayo saiba. Hapo ndipo penye kazi. Mwambie mtu aandike kwa kalamu herufi 120 zisizo na maana, uone kama atafika salama.

Linki yetu ina sehemu nne, na nitazipitia kutoka kushoto.

Ya kwanza ni https:// iliyo mwanzoni. Hiyo ni namna ya kusafiri tu. Ukiandika kwenye karatasi au ubao unaweza kuiacha, simu itaiweka yenyewe. Bwana Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni utaratibu huu wa tovuti akiwa kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, alikiri mwaka 2009 kwamba vile vimkwaju viwili, ambavyo vijana wetu wanaviita slashi, havikuwa na lazima yoyote. Tovuti yake ya kwanza ilikuwa mwaka 1991, kwa hiyo dunia nzima imeandika slashi za bure tangu wakati huo. Nasema hivi ili mjue kwamba si kila kilichomo ndani ya linki kimewekwa kwa hekima.

Lakini msidanganyike na ile s ya https wala kufuli dogo linaloonekana karibu yake. Zinamaanisha kwamba njia imefungwa na watu wengine hawawezi kuchungulia unachotuma. Hazimaanishi kwamba mwenye nyumba ni mwaminifu. Mwizi naye anaweza kufunga mlango wake kwa kufuli.

Jina, na ukoo wake

Sehemu ya pili ni jina la tovuti, kama sw.wikipedia.org. Linaanza baada ya zile slashi mbili na kuishia kwenye slashi moja ya kwanza inayofuata. Hili halikatwi hata kidogo, isipokuwa www. ya mbele, ambayo mara nyingi (si mara zote) unaweza kuiacha.

Nilipokuwa nikifundisha jambo hili kwa mara ya kwanza nilihangaika sana, mpaka mama mmoja wa makamo akanisaidia. Akasema, "Mwalimu, hiyo si ni abtirsi?" Alikuwa na haki. Mtoto wa Kisomali akiulizwa yeye ni nani, anataja jina lake, la baba, la babu, anaendelea nyuma mpaka ukoo ujulikane. Jina la kwanza linaweza kuwa la mtu yeyote. Ukoo unajulikana kule mwishoni.

Jina la tovuti liko hivyohivyo. Chukua accounts.ecitizen.go.ke. Accounts ni mtoto wa ecitizen, ecitizen ni mtoto wa go, na go ni ya ke, yaani Kenya. Majina yanayoishia go.ke ni ya ofisi za serikali, hayauzwi ovyo. Kwa mfano ndma.go.ke ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, wale wanaotoa taarifa ya ukame kila mwezi kwa kaunti zetu, Wajir ikiwemo. Na meteo.go.ke ni ya wale wa utabiri wa hali ya hewa. Ya vyuo vikuu huishia ac.ke. Ya biashara huishia co.ke, na hiyo anaweza kununua mtu yeyote mwenye pesa.

Sasa tuseme umepokea linki inayoanza hivi: ecitizen.go.ke.jinalingine.com/ingia. Mwenye haraka anaona ecitizen.go.ke, anatulia, anaandika nambari ya kitambulisho na neno la siri. Lakini wewe soma abtirsi mpaka mwisho kabla ya slashi ya kwanza. Ukoo ni jinalingine.com. Huyu si wa serikali, amejiita tu jina la mtoto wa watu.

Kwa hiyo ukifupisha linki kwa mkono unamfanyia msomaji kazi mbili. Unampunguzia herufi, na unaacha jina wazi mbele ya macho yake ili aamue kama ataingia au hataingia. Mtakumbuka Hazina ya Hustler ilipozinduliwa Novemba 2022, mlango wake ulikuwa kupiga *254#. Linki inayokuja usiku kwenye kikundi ikisema bonyeza hapa upate mkopo, tazama kwanza ukoo wake.

Njia ya ndani

Sehemu ya tatu ni njia, kuanzia slashi ile ya kwanza: /wiki/Ngamia. Inaonyesha chumba. Hii usiikate katikati, maana utaishia kwenye korido. Ukiona inaishia .pdf, hilo ni jina la faili, liache kama lilivyo hata kama linachukiza. Zile %20 mnazoziona katikati ya majina ya faili ni nafasi tu. Mtu aliacha nafasi kati ya maneno, na mashine ikaijaza kwa alama hiyo. Ukizifuta faili halipatikani.

Njia ikiwa ndefu kupita kiasi, kuna ufupisho mwingine ambao watu wanaudharau. Andika jina la tovuti peke yake, kisha eleza kwa maneno: "Ingia ndma.go.ke, utafute taarifa ya ukame ya Wajir ya mwezi huu." Mtu wa saiba ataelewa mara moja. Na faili likihamishwa, kama yanavyohamishwa mara kwa mara, maelezo yako yataendelea kufaa wakati linki imeshakufa.

Mkia

Sehemu ya nne inaanzia alama ya kuuliza. Huo ndio mkia, na ndipo kisu kinapofanya kazi. Ndani ya mkia kuna vipande vinavyotenganishwa na alama &. Kila kipande kina jina, alama ya sawasawa, na thamani yake.

Vipande vinavyoanza na utm_ ni vya wafanya biashara na wenye tovuti. Vinamwambia mwenye tovuti kwamba mgeni huyu ametokea WhatsApp, au barua, au tangazo fulani. Herufi hizo zimebaki kutoka kwa kampuni iliyoitwa Urchin, ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Fbclid inawekwa na Facebook, nayo ilianza kuonekana mwaka 2018. Kuna si= inayobandikwa na YouTube unapobonyeza kitufe cha kugawa, na igsh ya Instagram. Zote hizi kazi yake ni kufuata nyayo. Ukizikata ukurasa unafunguka vilevile. Wala hujamwibia mtu kitu, umekataa tu kubeba mzigo wa hesabu za watu wengine kwa salio lako.

Mkia wa aina nyingine unaanza na alama ya reli, #. Huo hukupeleka sehemu fulani ndani ya ukurasa uleule. Ukinakili linki kutoka kwenye matokeo ya Google mara nyingi utakuta #:~:text= na maneno marefu nyuma yake. Kata. Msomaji atafika juu ya ukurasa, asogeze kidole mwenyewe.

Sasa, kuna ndugu waliosikia somo hili kwa mdomo wakaondoka wakikata kila alama ya kuuliza waliyokutana nayo. Hapana. Kuna mikia iliyobeba uhai. Mfano mzuri ni YouTube:

https://www.youtube.com/watch?v=jNQXAC9IVRw&feature=youtu.be&t=5

Ukikata kuanzia alama ya kuuliza umebaki na youtube.com/watch, na hapo hakuna video. Ile v= na herufi 11 zinazoifuata ndizo video yenyewe. Kinachokatwa ni kuanzia & ya kwanza. Ile t=5 inasema video ianze sekunde ya tano, kwa hiyo iache ukitaka watu waanzie hapo. Ukiona list= ikate, maana humburuta mtu kwenye msururu wa video nyingine na kumaliza bando lake. Na kuna njia fupi zaidi. Chukua zile herufi 11, uzitangulize youtu.be na slashi:

youtu.be/jNQXAC9IVRw

Kutoka 64 tumefika 20. Ifungueni mjaribu, haitakula bando. Ni sekunde 19 tu, kijana mmoja amesimama mbele ya tembo. Ndiyo video ya kwanza kabisa kuwekwa YouTube, tarehe 23 Aprili 2005, na kijana mwenyewe ni Jawed Karim, mmoja wa walioianzisha kampuni hiyo. Huwa naitumia darasani kwa sababu hakuna anayegombana juu ya tembo.

Basi kanuni ni hii: kata kipande kimoja, jaribu. Ikifunguka, kata kingine. Ikigoma, rudisha cha mwisho ulichokata. Na ujaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Simu yako inakujua, pengine umeshaingia kwa neno la siri, na itakufungulia ukurasa ambao jirani atafungiwa. Nimeona mweka hazina akituma linki ya waraka wa Google kwa wanachama 30, na wote 30 wakaambiwa hawana ruhusa. Kwake ilikuwa inafunguka vizuri! Kukata hakukuwa na kosa, kosa lilikuwa hajabadilisha ruhusa ya waraka.

Mkia wenye ufunguo

Hapa ndipo narudi kwa yule binti, na hapa naomba muwe makini kuliko pote.

Fomu za Google zina linki ndefu ya docs.google.com/forms, halafu msururu wa herufi ambao ndio fomu yenyewe, na mwisho neno viewform. Hapo ndipo linki ya fomu tupu inapoishia. Ukishajaza, na mwenye fomu ameruhusu majibu kubadilishwa, ile linki ya kubadilisha inaongezewa ?edit2= na msimbo mrefu. Msimbo huo ni ufunguo wa jibu lako. Yeyote aliye nao anaingia, anasoma, anabadilisha, bila kuulizwa neno la siri. Kata kuanzia alama ya kuuliza, acha mpaka viewform, na mwenzako atapata fomu yake safi. Ufunguo wako ubaki nao kwenye daftari la kikundi, maana unaweza kuuhitaji.

Kuna pia mikia inayojaa entry. na nambari, halafu majina ya watu. Hizo ni fomu ambazo mtu amezijaza nusu ili kuwarahisishia wengine. Angalia vizuri, unaweza kukuta jina la mwanachama na nambari yake ya kitambulisho zimeandikwa ndani ya linki, zinatembea kijiji hadi kijiji. Zikateni kabla ya kutuma.

Linki ya kubadilisha neno la siri, ile inayokuja kwa barua pepe, haifupishwi wala haigawiwi. Ni ya aliyetumiwa peke yake. Linki ya kuingia kikundi cha WhatsApp, ile ya chat.whatsapp.com, nayo yote ni ufunguo, na hakuna mkia wa kukata ili iwe salama. Ukiibandika kwenye ukuta wa duka, kila mpita njia anaweza kuingia. Ikishavuja, msimamizi wa kikundi aifute na kutoa mpya. Simu inaruhusu.

Na vifupishi vya bure?

Vijana wataniuliza, mwalimu, mbona usitumie bit.ly tukamaliza? Ni swali la haki. TinyURL ilianza mwaka 2002, Bitly mwaka 2008, na kazi yao ni kukupa linki fupi inayompeleka mtu kwenye ile ndefu. Zinafaa hasa pale ambapo njia haikatiki.

Lakini mimi nina mashaka nazo kwa vikundi vyetu, na nitawaambia kwa nini. Zinaficha abtirsi. Bit.ly/kitufulani inaweza kukupeleka serikalini au kwa mwizi, na macho yako hayatajua mpaka umeshafika. (Ile .ly yenyewe ni ya nchi ya Libya, kwa wanaopenda kujua koo.) Tukiwazoesha akina mama kubonyeza linki zisizo na jina, siku mwizi akija na yake tutakuwa tumemwandalia njia.

Tena zinategemea uhai wa mtu mwingine. Google ilikuwa na kifupishi chake, goo.gl, kilichoanza mwaka 2009. Mwaka 2019 ikaacha kutoa linki mpya, na mwaka 2025 ikazima zile ambazo hazikuwa zikitumika tena. Kijitabu kilichochapishwa na linki hizo huwezi kukirudia na kalamu nyumba kwa nyumba.

Ukilazimika kutumia kifupishi, andika kando yake kwa maneno inakopeleka. Nawe ukipokea ya bit.ly na una shaka, ongeza alama ya kujumlisha mwishoni, +, kisha uifungue. Itakuonyesha kwanza inakokwenda.

Kuandika na kusomeana

Linki ikishafupishwa bado inapaswa kusafiri kwa kalamu na mdomo. Jina la tovuti halijali herufi kubwa au ndogo. Njia na mkia vinaweza kujali sana. Katika ile video ya tembo kuna I kubwa ambayo wengi huiandika kama l ndogo au moja, na video haipatikani. Andikeni herufi moja moja bila kuunganisha. Sifuri ipigwe mstari katikati isifanane na O. Ikiwa karatasi ni nyembamba na linki inavuka mstari, usiweke kistari cha kuunganisha kama tulivyofundishwa shuleni, maana mtu atakiandika nacho. Shuka tu mstari wa pili.

Kwenye simu, msomaji aseme "j ndogo, N kubwa, Q kubwa", na anayeandika arudie. Nukta itajwe. Inachosha, ndiyo, lakini ndiyo sababu tumezipunguza kutoka 64 hadi 20.

Zoezi la kikundi

Katibu aandike linki hizi nne ubaoni, wanachama waseme pa kukata na kwa nini. Msitazame majibu kabla hamjabishana kidogo.

https://www.bbc.com/somali?utm_source=whatsapp&utm_medium=kikundi

https://play.google.com/store/apps/details?id=com.whatsapp&hl=sw

https://ecitizen.go.ke.jinalingine.com/matangi?id=48213

Ya nne ni linki yoyote ambayo mwanachama amepokea wiki hii kwenye simu yake.

Majibu. Ya kwanza inakatwa kwenye alama ya kuuliza, inabaki bbc.com/somali, herufi 14, na inaweza kusomwa hata kwa kupiga kelele sokoni. Ya pili isikatwe kwenye alama ya kuuliza, kwa sababu id= ndiyo inayosema ni programu gani. Kata kuanzia & tu, maana hl=sw ni lugha ya ukurasa. Ya tatu isifupishwe. Haiendi kwa serikali, ifutwe, na aliyeituma kikundini aulizwe aliipata wapi, bila ukali, maana pengine naye alitumiwa na mtu anayemwamini. Ya nne ikiwashinda, iandikeni kwenye karatasi kama ilivyo, mniletee mkutano ujao tuikate pamoja. Lakini kama ina edit2 ndani yake, au jina la mtu, msiiandike ubaoni.